Wali wa Bluu

Mgeni alibisha hodi wakati wali umekwisha kuwa wa bluu.

"Hodi wenyewe."

Mama Rangi alifunika sufuria, akatoka jikoni huku akijifuta mikono. Hakuwa akimtarajia mtu. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu, mtu mzima, amekumbatia furushi la aproni.

"Karibu, mama. Pita ndani."

"Ahsante. Wewe ndiye Mama Rangi?"

"Ndiye mimi. Jina nililopewa na wazazi, hata mume wangu ameshalisahau."

Mgeni alicheka. Alisema yeye ni mpishi wa hospitali, upande wa wodi ya watoto. Aproni zao zilikuwa zimepauka, naye ameelekezwa hapa.

Hakuwa amepotea. Chumba cha mbele kilikuwa chumba cha kazi. Ndoo zilipangwa kando ya ukuta. Mapazia ya watu yalining'inia kwenye kamba, yakidondosha maji. Kwenye rafu kulikuwa na makopo ya rangi za unga. Kwa miaka kumi na miwili Mama Rangi alikuwa akitia rangi vitambaa, na miaka yote hiyo alishika kanuni moja: vitu vya kazi haviingii jikoni.

Siku hiyo kanuni ilikuwa imevunjwa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mpishi aliona meza, na juu ya meza kopo la rangi ya bluu, limekaa kando ya chumvi kama ndugu yake.

"Samahani, dada," alisema. "Lile kopo linafanya nini pale?"

"Napika treni," Mama Rangi alijibu kwa fahari. "Njoo uone."

Alifunua sufuria. Wali ulikuwa wa bluu kama shati la shule. Mpishi aliutazama, kisha akamtazama mwenyeji wake.

"Umetia rangi ya nguo?"

"Kidogo tu. Na hii ni rangi nzuri, mama. Haichuji hata ukifua mara mia."

"Hilo ndilo linaloniogopesha," mpishi alisema polepole. "Zima jiko kwanza. Nani ameonja?"

"Hakuna. Ni jaribio tu. Sikukuu ni keshokutwa."

Nyuma ya mlango kulisikika mtu akimeza mate. Alikuwa binti wa Mama Rangi, wa miaka sita. Mtaani walimwita Chiriku, kwa sababu hajui kunyamaza. Sasa alikuwa amenyamaza.

"Chiriku, fungua mdomo," Mama Rangi alisema.

Chiriku alifungua. Ulimi ulikuwa wa bluu.

"Kijiko kimoja," alisema. "Cha kulia. Kidogo."

Mama Rangi alimkamata mtoto, akataka kumtia vidole kooni amtapishe. Mpishi alimshika mkono.

"Hapana, usimtapishe. Unaweza kumuumiza zaidi. Asukutue mdomo kwa maji safi, ayateme. Wewe chukua hilo kopo, twende nalo hospitali. Daktari lazima ajue ni rangi gani."

Walitoka watatu, mbio. Aproni zilibaki sakafuni.

Hospitali daktari alisoma maandishi ya kwenye kopo. Aliuliza mtoto amekula kiasi gani, na saa ngapi. Akampima, akaagiza abaki hapo saa chache aangaliwe.

"Nadhani atakuwa salama," alisema. "Mmekuja mapema, na mmekuja na kopo. Yote mawili yamenisaidia."

Chiriku alikaa kitandani akimwonyesha kila muuguzi ulimi wake. Mama yake alikaa nje kwenye benchi, mikono katikati ya magoti.

"Niambie," mpishi alisema akikaa kando yake. "Mtu wa rangi kama wewe, anayezijua rangi, ilikuwaje?"

Maneno yakamtoka Mama Rangi yenyewe.

Sababu ilikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Watu walimwita Mama Keki. Alikuwa na oveni kubwa kama kabati la nguo. Kila sikukuu watoto wa ukoo walikwenda kula kwake. Mwaka mmoja aliwapikia nyumba ya keki yenye milango ya biskuti. Mwaka uliofuata akatengeneza uwanja wa mpira, na wachezaji wote walikuwa peremende. Watoto walirudi na hadithi za mwezi mzima. Walirudi pia na matumbo yanayouma, lakini habari za tumbo hakuna aliyezisimulia.

Mama Rangi alizisikiliza hadithi hizo huku akitabasamu. Moyoni aliungua kama pasi iliyosahauliwa juu ya shuka.

Siku moja Chiriku alisukuma sahani yake ya maharage. "Kwa shangazi chakula kinacheza," alisema. "Kwetu kinakaa tu. Mama, likizo hii nataka nikakae kwa shangazi mpaka shule ifunguliwe."

"Mpaka shule ifunguliwe?"

"Ndiyo. Utakuwa unanitembelea."

Baba Chiriku aliangua kicheko. Mkewe alimtazama mpaka kicheko kikakatika.

"Mnitoe katika hayo," mume alisema. "Huyu dada yangu, huyu mke wangu. Nimekaa katikati kama nyama kwenye mkate."

Kesho yake Mama Rangi alimpigia simu wifi yake. Alimwambia sikukuu hii watoto watakula kwake yeye.

"Kwako?" Mama Keki aliuliza.

Neno moja tu. Lakini Mama Rangi alilibeba wiki nzima kama jiwe ndani ya kiatu. Akaapa kwamba watoto wataona chakula ambacho hawajawahi kukiona: treni ya wali, ya bluu kama alivyoitaka Chiriku. Wifi ana oveni, alijiambia. Mimi nina rangi.

"Basi ndiyo hivyo," alimalizia pale kwenye benchi. "Wivu umenipofusha. Nimemlisha mtoto wangu rangi ya mapazia ili nimshinde wifi. Nitawaambia shughuli imevunjika. Waende kwa Mama Keki, hata milele."

Mpishi hakumkaripia, wala hakumbembeleza.

"Rangi ya nguo imetengenezwa kwa ajili ya nguo," alisema. "Hakuna aliyeipima kwa ajili ya tumbo la mtu. Hilo umelijua leo kwa njia mbaya. Lakini mtoto kutaka wali wenye rangi si kosa. Wodini kwangu wapo watoto wasiotaka kula kabisa. Unadhani nawalisha kwa fimbo? Kesho ni zamu yangu ya kupumzika. Nitakuja."

"Uje kwangu? Unipikie?"

"Nije nikuonyeshe. Kupika utapika mwenyewe. Wifi ni wako, si wangu."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Mama Rangi alicheka.

Jioni daktari alimruhusu Chiriku kwenda nyumbani. Baba Chiriku alikuwa amekwisha kuwasili na kaka yake Chiriku, mvulana wa miaka kumi aliyeitwa Profesa kwa maswali yake. Nyumbani wali wa bluu ulifukiwa shimoni ili hata kuku wasiuguse. Sufuria iliyoupika ilihamishiwa chumba cha kazi, isirudi jikoni tena. Baba Chiriku aliweka mlango na kufuli kwenye rafu ya rangi. Profesa aliuliza kwa nini kufuli halikuwekwa miaka kumi na miwili iliyopita.

Asubuhi mpishi alifika na kapu. Alitoa kabichi ya zambarau, bitiruti, karoti, mchicha, viazi, mananasi. Juu kabisa kulikuwa na kipande cha sabuni.

"Hiki tutaanza nacho," alisema. "Mikono yote. Hata ya Profesa."

"Mimi sipiki, napima," Profesa alisema. Tayari alikuwa na rula.

"Anayepima naye ananawa."

Mpishi alikata kabichi, akaichemsha. Baada ya muda maji yakawa ya zambarau iliyokolea. Mama Rangi aliinama juu ya mvuke. Macho yake yalibadilika. Sasa alikuwa kwenye kazi yake.

"Usiyamwage," alisema. "Yachuje. Wali upikiwe humo humo, rangi ishike tangu mwanzo."

"Unaona? Sasa unanifundisha wewe."

Mpishi alichota maji kidogo kwenye bakuli, akakamulia limau. Maji yakageuka waridi.

"Miaka yote nanunua waridi ya kopo," Mama Rangi alinong'ona, "kumbe imekaa sokoni."

Chiriku alisimama juu ya kiti. "Lakini treni yangu ilikuwa ya bluu."

"Treni za bluu ziko nyingi," Mama Rangi alisema. "Ya zambarau umeshaiona wapi?"

Chiriku alifikiri. Hakuwa ameiona popote. Akakubali.

Wakaendelea. Mchicha uliopondwa ulitia kijani kwenye viazi. Bitiruti ilitoa nyekundu, bizari ya manjano ikatoa njano. Mpishi alichora duara mezani kwa chaki, akaligawa katikati.

"Nusu hii ni ya mboga na matunda," alisema. "Nusu nyingine igawe tena. Robo wali au viazi, robo maharage, kuku au samaki. Sahani ya mtoto ikikaa hivyo, umemaliza kazi. Ichezee upendavyo, iwe treni, iwe nyoka. Chumvi iwe kidogo, na kinywaji kiwe maji. Tia vipande vya machungwa humo, watayapenda."

"Na wao nitawaachia nini cha kufanya?"

"Waachie mambo mengi. Mtoto akiosha mchicha mwenyewe, hatakubali utupwe. Kisu na jiko shika wewe. Na kuku mbichi awe na ubao wake. Ukiutumia ubao huo kukatia matunda, utawaharisha sikukuu nzima."

Mama Rangi alieleza mpango wake. Behewa la mwisho lilikuwa la makaa, na makaa yangekuwa karanga za kukaanga. Karanga zilikuwa tayari kwenye bakuli. Wageni wenyewe ni mapacha wa wifi yake, Sukari na Chumvi.

"Wana miaka mingapi?"

"Mitatu."

Mpishi aliondoa bakuli mezani. "Karanga nzima zinaweza kumkaba mtoto wa umri huo. Zabibu pia, zipasue vipande vinne kwa urefu. Karoti za magurudumu zichemshe zilainike. Na kuna chakula chochote kinachowadhuru mapacha hao?"

"Sijui."

"Muulize mama yao."

Mama Rangi aliuma mdomo. "Nimuulize yule? Siku moja kabla? Ataona nimeshindwa."

"Huenda ataona hivyo. Bila kumuuliza utajuaje?"

Simu ilikuwa juu ya rafu ya jikoni, hatua tatu tu. Mama Rangi alifuta meza mara mbili. Akapanga vijiko. Hatimaye akaichukua, akaenda kusimama katikati ya mapazia ya watu.

"Wifi, habari za huko."

"Nzuri, wifi. Kuna nini? Umeahirisha?"

"Sijaahirisha," Mama Rangi alisema. "Nakuuliza kitu. Sukari na Chumvi, kuna chakula kinachowadhuru?"

"Karanga," Mama Keki alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sukari akila karanga, hata chembe, midomo inavimba na pumzi inambana. Tumegundua miezi mitatu iliyopita. Tulimkimbiza hospitali."

"Na hukusema?"

"Ningemwambia nani? Watoto hula kwangu siku zote. Tena ningesema, mngesema nawadekeza. Tangu uliponipigia nazihesabu siku, wifi. Nimeshika simu mara tano nikuambie. Nikaogopa utaniona nakuingilia jikoni kwako."

Mama Rangi alitazama bakuli la karanga kule jikoni. Akaegemea ukuta.

"Hakutakuwa na karanga," alisema. "Nitaziondoa nyumbani leo hii, na vyombo vyote nitaviosha upya."

"Ahsante, wifi. Nilikuwa silali. Nikuombe kitu kimoja. Sijawahi kuingia kwenye sikukuu mikono mitupu. Niruhusu nije na kitu changu."

Mama Rangi alifumba macho. Alijua vitu vya wifi yake. Lakini sauti ile haikuwa ya majivuno.

"Njoo nacho," alisema. "Nakuahidi, utakacholeta nitakiweka mezani kwa mkono wangu."

Siku ya sikukuu, treni ilipangwa juu ya meza ndefu saa kumi jioni. Kichwa cha treni kilikuwa wali wa zambarau, umeshindiliwa kwenye kopo safi la jikoni ukapinduliwa. Behewa la kwanza lilikuwa viazi vya kijani, la pili kuku aliyechambuliwa ndani ya pilipili hoho. Makaa sasa yalikuwa maharage. Magurudumu ya karoti yalipangwa na Profesa kwa rula, na ole wake aliyeyasogeza. Stesheni ilijengwa kwa mananasi.

Mama Keki aliingia na mapacha, na sanduku kubwa lililofunikwa kitambaa. Aliona treni. Akasimama.

"Wifi, mwaka huu umejitutumua."

"Nimejitahidi tu. Karibuni, mnawe mikono."

Mama Keki alisukuma sanduku chini ya benchi, akakaa.

Mapacha walitazama kijani, wakarudi nyuma hatua moja. Lakini Chiriku alikuwa konda. Aliketi kichwani mwa meza na kibakuli cha maji ya bitiruti.

"Hakuna kusafiri bila tiketi," alitangaza. "Onja kila behewa, nakupigia muhuri."

"Muhuri uko wapi?" Chumvi aliuliza.

Chiriku alichovya kidole, akagonga kwenye karatasi. Alama nyekundu ilibaki. Chumvi aliitaka. Akafumba macho, akala kijiko kimoja cha viazi vya mchicha kama anayemeza dawa. Akafumbua jicho moja.

"Tena," alisema.

"Wifi," Mama Keki alinong'ona. "Chumvi anakula mchicha. Huyu akiona jani hukimbia."

"Ndiyo kwanza behewa la kwanza," Mama Rangi alijibu. Kwa nje alikuwa mpole. Ndani alikuwa akicheza ngoma.

Treni iliisha behewa baada ya behewa. Sukari alikula maharage yote, midomo yake ikiwa salama. Baba Chiriku aliomba tiketi ya pili, akanyimwa. Chiriku aliupangusa mdomo, akamtazama mama yake.

"Mama, kumbe na kwetu kinacheza," alisema. "Sitaki tena kwenda kukaa kwa shangazi. Nitakuwa namtembelea."

Mama Rangi aliona meza yote imesikia. Zaidi ya hapo hakuhitaji kitu. Alimgeukia wifi yake amwone uso.

Mama Keki alikuwa amewainamia mapacha, akiwafuta vidole. Kwa kisigino chake alikuwa akilisogeza sanduku nyuma zaidi, chini ya benchi, lisionekane.

Mama Rangi aliinama karibu naye. "Umeleta nini?"

"Acha tu, wifi. Wameshashiba. Nitarudi nacho nyumbani."

Mama Rangi aliinua ncha ya kitambaa. Ndani kulikuwa na keki. Ilikuwa treni. Ilikuwa na madirisha, na moshi wa krimu, na dereva mdogo mwenye kofia. Bila shaka Chiriku alikuwa amemwambia shangazi yake kila kitu kwa simu. Ilikuwa nzuri kuliko treni yake, tena kwa mbali. Kando ya keki hiyo wali wake ulikuwa wali tu.

Alikirudisha kitambaa. Hakuna mwingine aliyeona. Wifi mwenyewe ameshasema aache. Mtoto wake ameshatamka, mbele ya wote. Angesimama tu akusanye vyombo, na siku hii ingebaki yake nzima.

"Ina karanga?" aliuliza.

"Hata chembe. Nilisafisha oveni mara mbili. Lakini wifi, nimekwambia acha."

"Nilikuahidi."

Akalitoa sanduku kwa mikono miwili. Lilikuwa zito. Alisogeza sahani ya mwisho, ile ambayo kichwa cha treni yake kilikuwa kimebaki kipande, akaiweka keki pale pale katikati. Akavuta kitambaa.

Watoto walipiga kelele iliyotikisa vikombe. Hawakuwa wamepiga kelele hiyo kwa ajili ya wali. Chiriku alikiacha kibakuli chake, akazunguka meza mbio, akaruka mapajani mwa shangazi yake, akamkumbatia shingo.

"Shangazi, wewe," alisema, na maneno mengine yakamwishia.

Mama Rangi alisimama akiitazama mikono ya mwanawe kwenye shingo hiyo. Moyo ulimuuma, tena sana.

"Vipande vidogo," alisema. "Wamekula vizuri, keki ni ya kumalizia. Kila mtu kimoja."

Akapangusa kisu, akamkabidhi wifi yake, akaenda kuleta sahani safi.